Anwani ya Mama Happy

"Baada ya hapo weka alama ya kuuliza," Ursula alisema kwenye simu.

"Nauliza nini?"

"Huulizi kitu, mama. Unaichora tu."

Kule sokoni Muyinga, Emerensiana akaichora. Ursula, aliyekuwa Gitega mbele ya kompyuta ya ofisi, alisikia mtu akidai peni yake na Emerensiana akimjibu kwamba hajamaliza. Hata nusu alikuwa hajafika. Bado herufi tatu, alama ya sawasawa, sifuri mbili, nane, saba, mbili, kisha ile alama inayofanana na nane iliyolegea, kisha herufi nyingine, kisha sawasawa tena.

"Mwanangu," Emerensiana akasema, "karatasi imeisha."

Ursula alishika kichwa. Ilikuwa karatasi ya tatu wiki ile. Mwanamke huyu alikuwa na kawaida moja ambayo hakuiacha mvua wala jua: kila Jumatatu aliwapa madereva wa malori wanaovuka mpaka wa Kobero kuingia Tanzania vikaratasi kumi, kila kimoja kimeandikwa anwani ya ukurasa wake kwenye tovuti ya shirika. Aliviandika kwa mkono wake, herufi baada ya herufi. Akikosea moja tu, na alikosea, ukurasa haufunguki.

"Na dereva ataisomaje hii," Emerensiana aliuliza, "naye anaendesha?"

Swali zuri. Ndilo lililomkera Ursula zaidi.

Shirika liliitwa Tuonane. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge la Abubakari, mtaani Nyamugari, na kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu waliopotezana na ndugu zao katika kukimbia vita vya Burundi na kurudi. Kila anayetafuta alipewa ukurasa wake: picha, habari zake, na fomu chini, ili anayemtambua aandike. Kurasa zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Ursula mwenyewe alikulia Tanzania, akarudi na wazazi wake na mabegi mawili, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kumweleza kazi hii ni ya nini.

Tatizo ni tovuti yenyewe. Aliyeijenga alikuwa fundi wa kutoka Bujumbura, kijana mwenye haraka na viatu safi. Aliacha kila ukurasa na anwani ya namba na alama ambayo hata yeye asingeweza kuisoma kwa sauti bila kukata pumzi. Ya Emerensiana, baada ya jina la shirika, ilisema hivi: index.php?idf=00872&rg=4&lg=fr. Juu ya ukurasa, pale panapotakiwa kichwa cha habari, kurasa zote mia nne na kumi na mbili ziliandikwa kitu kimoja: Fiche individuelle, yaani kadi ya mtu binafsi. Basi ukimtafuta mtu kwa Google hupati kitu, maana Google nayo inasoma kilichoandikwa, na hapo palikuwa hapajaandikwa jina la mtu yeyote. Kwa miaka miwili watu watatu tu walikuwa wamepatikana, wote watatu kwa maneno ya mdomo, mmoja wao kwenye foleni ya hospitali.

Emerensiana alikuwa akimtafuta bintiye, Happy. Mwaka 2012, wakati kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania, inafungwa, Happy alikuwa na miaka saba na kifaduro kibaya. Mama yake aliona lori la kuwarudisha Burundi na vumbi vitamuua, akampeleka kwa rafiki yake, Mama Neema, katika kijiji jirani, akamwambia atamfuata Jumamosi. Zamu ya lori ikafika Alhamisi. Alipoweza kurudi Tanzania ilikuwa imepita miezi mitano, na Mama Neema alikuwa amehama na watoto wote. Jirani alisema Geita, mwingine akasema Kahama. Tangu hapo Emerensiana hakupata habari yoyote ya kweli. Happy sasa, kama yu hai, ana miaka ishirini, na mwaka huu Emerensiana alianza kuona vibaya jicho la kushoto. Alimwambia Ursula bila kuzunguka: anataka kumwona mtoto huyo wakati bado anaona.

Alasiri ile Ursula akaenda kwa Leonardi, mkuu wa shirika, ambaye meza yake ilikuwa hatua tatu kutoka kwa yake.

"Shefu, anwani hizi zinatuua. Naomba nizibadilishe. Ziwe maneno mafupi ambayo mtu anaweza kuyasoma, kuyashika na kumwambia mwenzake."

Leonardi alivua miwani. Kabla ya Tuonane alikuwa karani wa komini, yaani wilaya, kule Makebuko miaka ishirini na miwili, na aliyapenda madaftari kama wengine wanavyopenda mpira. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kichwa kigumu tu, na alikuwa nacho kila siku.

"Hapo we iko na raison," alisema. "Maneno. Mi nakubali."

Ursula hakuamini masikio yake. Alikuwa sahihi kutoyaamini.

"Lakini tufwate ordre. Provensi, komini, zoni, kolini, kisha jina kamili ya mutu. Njo hivo iko ku karata yake."

"Shefu, hiyo itakuwa ndefu kuliko barabara ya kwenda Muyinga."

"Ursula. Mutu bila kolini ni nani?"

Hilo ndilo swali la nchi nzima. Ukikutana na mtu, kabla ya chai na kabla ya hali ya hewa, unamuuliza kolini gani, yaani kilima gani alichotoka, na akikutajia unajua tayari nusu ya shangazi zake. Leonardi aliamini kwamba dunia yote imepangwa hivyo. Ursula akabisha siku mbili, akachoka, akazipanga kurasa zote kwa mkoa, komini, zoni, kolini, na jina la karata, yaani kitambulisho, HABONIMANA Emerensiana, kwa herufi kubwa na ndogo kama Leonardi alivyotaka. Shirika likachapisha kadi mia sita zenye anwani mpya, herufi zikiwa ndogo mno ili zienee.

Wiki saba baadaye mikoa ikaunganishwa. Kumi na minane ikawa mitano, Muyinga ikaingia ndani ya mkoa mpya wa Buhumuza, komini zikamezana, na Leonardi akaja ofisini mapema na daftari jipya.

"Adresi zetu zote zinasema uongo," alisema. "Muyinga haiko tena provensi. Badilisha."

"Kadi zimeshagawiwa! Ziko mifukoni mwa watu!"

"Watu watapewa zingine."

"Basi niache zile za zamani zielekeze kwenye mpya. Mtu akiandika ya zamani afikishwe kwenye ukurasa uleule. Ni kazi ya dakika kumi."

"Hapana. Kuacha mikoa imekufa ndani ya site ni uchafu. Futa."

Ursula alifuta. Alifuta huku akisema mambo kwa sauti ya chini ambayo Abubakari, upande wa pili wa ukuta, aliyasikia na kuomba Mungu amsamehe. Kadi mia sita zikafa siku moja. Mtu aliyeifungua anwani iliyokuwa mfukoni mwake alikutana na maneno mawili kwa Kifaransa: Page introuvable. Ukurasa haupatikani. Na hii ilikuwa tovuti ya kutafutia watu.

Ndipo akaamua kwenda Muyinga mwenyewe na kadi mpya, maana aibu ya kumwambia Emerensiana kwa simu aandike anwani ya tatu ilimshinda.

Alifika sokoni saa nne asubuhi. Simu ya Emerensiana haikupatikana, imeisha moto wa betri, kwa hiyo Ursula akaanza kuuliza. Kwa wauza maharagwe hakuna aliyemjua Emerensiana. Kwa wauza muhogo hawakumjua. Mwanamke mmoja wa Kikongo aliyekuwa akiuza viatu, aitwaye Monique, aliuliza kama ni yule wa kanisani, kisha akasema hapana, yule ni Emerensiana mwingine. Nusu saa nzima alizunguka na jina kamili la karata, mpaka akataka kukaa chini.

"Anatafuta mtoto wake," akamwambia Monique mwishowe. "Anawapa madereva vikaratasi."

"Aa, Mama Happy! Si ungesema? Iko pale, nyuma ya mafuta ya ngazi, haya ya mawese. Mama Happy! We, Mama Happy, uko na mugeni!"

Emerensiana akainua kichwa kutoka kwenye debe lake la unga. Ursula alisimama pale pale. Wengi waliorudi kutoka kambini walikuwa wameshukia Muyinga, na walikuja na jina hilo. Soko lote likalipokea. Miaka kumi na mitatu mwanamke huyu aliitwa kila siku, na wateja na wadai na watoto wa shule, kwa jina la mtoto ambaye hakuwa naye.

"Mama," Ursula alisema wakiwa wamekaa, kadi mpya zikiwa bado ndani ya mfuko, "Happy alijua unaitwa Emerensiana?"

"Angelijulia wapi? Mtoto humtaja mama yake jina? Hata majirani hawakulijua. Lilikuwa kwenye karatasi za kambi tu."

"Na kolini yako?"

"Yeye alizaliwa kule. Kolini kwake ni neno la wazee."

"Alijua nini, basi?"

Emerensiana alifikiri, akipangusa unga vidoleni. "Alijua Mtabila. Alijua bomba la tatu, maana tulikaa karibu na bomba la tatu la maji, na akipotea nilimfundisha aseme: mimi ni wa Mama Happy, bomba la tatu. Basi analetwa." Akacheka kidogo. "Na hakupotea kimya. Alikuwa mkali! Ukimwambia subiri, anapiga mguu chini, anakugombeza kama wewe ndiye mtoto. Watu wa bomba walikuwa wakimpisha kwenye foleni wapumzike."

Ursula aliona aibu iliyompanda mpaka masikioni. Walikuwa wamebishana miezi juu ya mikoa na komini, na hakuna, yeye mwenyewe akiwemo, aliyeuliza swali hili la kitoto: anayetafuta ana maneno gani mdomoni? Alirudi Gitega na kadi zote alizokwenda nazo. Kesho yake, bila kuomba ruhusa, akaupa ukurasa ule anwani mpya. Baada ya jina la shirika, maneno haya tu: mama-happy-mtabila. Juu ya ukurasa akaandika kichwa: Mama Happy wa Mtabila, bomba la tatu, anamtafuta binti yake Happy. Kisha akaweka vielekezi, ili anayekuja kwa namba za fundi, au kwa Muyinga mkoa, au kwa Buhumuza, wote wafike hapo hapo.

Emerensiana aliishika kwa simu mara moja tu. "Hii hata bila peni," alisema.

Leonardi aliigundua baada ya siku tatu.

"Mama Happy si jina! Mama Happy wako mia!"

"Wa Mtabila, bomba la tatu? Nitajie wa pili, Shefu."

"Komite itasema shirika iko na kurasa za kijiweni. We unaniaibisha." Aligonga meza kwa kalamu. "Mi nakupa mpaka kikao ya ijumaa ya wiki ijayo. Kama hiyo adresi yako haijaleta mutu, inarudi ku ordre. Na zingine zote usiguse."

Siku kumi na moja. Ursula akawa anaamka na kulala na takwimu za tovuti. Wiki ya kwanza ukurasa ulifunguliwa mara mbili, na mara zote mbili alikuwa ni yeye. Wiki ya pili, Jumanne asubuhi, alikuta mgeni. Mtu huyo alikuwa Tanzania, na orodha ilionyesha maneno aliyoyaandika kutafuta: mama happy mtabila bomba la tatu.

Ursula alisimama, akakaa, akasimama tena. Kisha akafungua mahali pa ujumbe. Hapakuwa na ujumbe.

Mgeni alikuwa amekaa kwenye ukurasa dakika arobaini, bila kuandika neno. Jioni ya siku hiyo akarudi. Jumatano akarudi tena. Ujumbe, hakuna. Anafanya nini huyu? Anatazama picha? Ursula akafungua daftari la makosa, lile ambalo mashine huandika kila kilichokataliwa, na ambalo hakuna mtu ofisini aliyewahi kulisoma. Hapo akamkuta.

Fomu ya chini ya ukurasa ilikuwa na sehemu mbili. Jina la mwandishi, simu na ujumbe vilikuwa sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza, aliyoitunga Leonardi zamani hizo, iliuliza mambo matano, na kila moja lilikuwa na kinyota chekundu kinachomaanisha huendi mbele usipojibu, tena jibu lazima liwe ndani ya orodha ya serikali. Mgeni alikuwa amejibu hivi:

Mkoa: sijui.
Komini: sijui.
Zoni: sijui.
Kolini: sijui.
Jina kamili la mzazi: Mama Happy.

Mashine ikakataa. Akajaza tena, ikakataa. Mara saba, kwa siku mbili, sijui, sijui, sijui, sijui, Mama Happy. Mara ya saba, penye kolini, hakuandika sijui. Aliandika: SIJUI JAMANI.

Hasira ikaja, yote ya miezi yote, na ikamnyanyua Ursula. Aligeuza kompyuta nzima, waya zikivutika, mpaka ikamtazama Leonardi usoni.

"Soma, Shefu."

Leonardi alivaa miwani. Akasoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili. Alisoma zote saba, polepole, kidole juu ya kioo, kama alivyokuwa akisoma madaftari ya Makebuko. Alipofika ile ya mwisho kidole kilibaki pale.

"Huyu ni mutoto wake?"

"Tutajuaje? Tumemfungia mlango mara saba!"

"Lakini provensi, Ursula. Hata provensi…" Alitazama tena yale masijui, na uso wake ukashuka. "Hizi nyota," alisema hatimaye, "zinatolewa namna gani?"

"Hivi." Akazifuta mbele ya macho yake, na mikoa, na komini, na zoni, na kolini. Ikabaki sanduku moja, na juu yake Ursula akaandika: Andika unachokumbuka, na namba yako ya simu. Leonardi alirudi kwenye kiti chake na asubuhi yote hakufungua daftari.

Sasa ikawa kungoja, na kungoja kulikuwa kubaya kuliko kubishana. Mtu aliyekataliwa mara saba anarudi kwa nini mara ya nane? Jumatano ikapita. Alhamisi Ursula alishindwa kula. Alimpigia Emerensiana kumjulia hali tu, akazungumza habari za unga, akakata bila kumwambia chochote, kwa sababu angemwambia nini? Kwamba pengine bintiye alikuja, akabisha hodi siku mbili, tukamuuliza kolini?

Ijumaa, saa moja kabla ya kikao, mashine ililia. Leonardi alifika kwenye meza ya Ursula kabla ya Ursula mwenyewe kugeuka. Wakasoma pamoja, wameinama.

Mimi Happy. Nimejaza fomu yenu mara saba inanikatalia. Mnauliza kolini. Ningejua kolini si ningekuja mwenyewe? Nyie watu mna akili kweli? Hiyo picha ni mama yangu. Kama yupo mwambieni alisema Jumamosi. Nimesubiri Jumamosi zote. Namba yangu hii.

Leonardi alitoa leso, akaushughulikia uso wake kwa muda mrefu kuliko jasho linavyohitaji. Kisha akaichukua karatasi ya ajenda ya kikao, akafuta kwa kalamu mstari wa kwanza, uliosema Ordre des adresses, yaani mpangilio wa anwani, akatoka nje bila miwani.

Ursula akapiga simu Muyinga. Iliita mara mbili.

"Mama Happy," alisema, na sauti ikamkatika, akaanza upya. "Mama Happy, kuna mtu ameandika. Anasema yeye ni Happy. Ametoa namba."

Sokoni kelele ziliendelea, mtu akitangaza bei ya ndizi.

"Wamekuja wengine kabla," Emerensiana alisema kwa uangalifu. "Mmoja alinitafuta akataka hela. Aliandika kwa upole sana." Akavuta pumzi. "Huyu ameandika kwa upole?"

"Hapana, mama. Ametutukana. Anauliza kama tuna akili. Anasema mara saba fomu imemkatalia, na kama angejua kolini angekuja mwenyewe. Na anasema ulimwambia Jumamosi, na amesubiri Jumamosi zote."

Ursula alisikia debe likigonga chini na unga ukimwagika, na Monique akiuliza kuna nini. Kisha akasikia kicheko, kicheko kilichovunjika katikati na kuendelea hivyo hivyo.

"Ndiye," alisema Emerensiana. "Ndiye huyo. Soma tena pale anapogomba."